Duara Halivui Kamba

Ukisimama gatini na kimia mkononi, ule wavu wa kurusha, wapita njia watasimama nawe. Kimia kikifunguka hewani na kutua duara zima, watashangilia. Kikitua kimejikunja upande, watacheka. Baba mkwe wangu hana habari na duara. Yeye husikiliza chubwi, zile risasi za kuzamishia wavu. Anataka azisikie zote zikigonga maji kwa mkupuo mmoja, kisha anakaa kimya, ugwe kaushika kwa vidole viwili, mpaka uanze kulegea, dalili kwamba risasi imefika topeni. Kwa hesabu zake uvuvi wa kamba unaanza hapo. Yaliyotangulia ni ngoma ya kufurahisha watu.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Ngamiani, mjini Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na kabla sijaoa Sahare bahari kwangu ilikuwa pahala pa kupunga upepo siku ya sikukuu. Mzee aliacha ngalawa magoti yalipomshinda, akabaki na kimia chake na gati dogo la zamani ndani ya ghuba, mbali na bandari, maana bandarini mtu mwenye wavu hatakiwi hata kwa salamu. Sasa, mkwe na mkwe wana staha yao. Humwendei mzee wa watu ukamwambia, "Nifundishe." Nilianza kwa kumbebea ndoo na taa. Siku moja akanikabidhi kimia bila kusema neno, nami nikajua nimeruhusiwa.

Kukielewa kile chombo kulikuwa kwepesi kwangu kuliko kukirusha. Kimia kimejengwa kama sketi ya solo: chembamba kileleni, kinaongezewa macho, vile vitundu vya wavu, kadiri kinavyoshuka hadi upindo unakuwa mpana, na upindo ndio unaobeba chubwi. Kuna vinavyofumwa kwa mkono, na kuna vya dukani vya nailoni inayong'aa, vilivyokatwa pande pande na kuunganishwa. Aina zote mbili hufunguka. Tofauti iko kwenye upindo. Cha kwangu cha dukani kilikuja na chubwi ndogo zilizoachana kwa upana wa kiganja. Kwa mwanafunzi kinapendeza sana, kwani mkono hauchoki na kinatanuka hata ukikirusha ovyo. Mzee alikinyanyua mara moja tu, akanirudishia.

"Mkwe, hiki kitakufaa siku kamba wakilala usingizi."

Tukakaa barazani, tukanunua chubwi nyingine na kuzipachika hadi nafasi iliyobaki baina ya moja na nyingine ikawa ya vidole viwili. Kimia changu ni cha futi nane, yaani futi nane kutoka kileleni hadi upindo, na sasa kinakaribia kilo tano kikiwa kikavu, karibu zote za risasi. Kinachosha bega. Umbo lake majini limekuwa yai zaidi kuliko duara, na wapita njia hawashangilii tena. Lakini kinazama.

Kuzama ndiko kunakotakiwa, kwa sababu kamba hana mwendo wa samaki. Samaki akiona kivuli juu yake hukimbia mbali. Kamba akishtuka hupiga mkia akaruka kinyumenyume, mara moja, mara mbili, kisha hutulia au hujifukia topeni. Hana mbio ndefu. Kwa hiyo ukimkosa, mara nyingi si kwa sababu wavu ulikuwa mdogo. Ni kwa sababu ulichelewa kufika, au ulifika ukiwa umeshajifunga. Wavu unapozama, maji huzipinga nyuzi, na chubwi huanza kuvutana kuelekea katikati. Maji yakiwa marefu, duara uliloshangiliwa juu linasinyaa njiani, na linalofika chini ni nusu yake au pungufu. Wavu mwepesi hujifunga mapema zaidi. Ndiyo maana yai zito huvua kuliko duara jepesi, na hilo sikulisoma popote. Nililiona ndoo zilipowekwa kando kwa kando.

Gati nalo lina matata yake. Ufukweni unaingia majini kwa miguu ukachagua kina unachokitaka, magotini au kiunoni. Gatini anayechagua kina ni mwezi. Hapa Tanga wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita tatu na nusu, na kuna siku huzidi hapo. Yakijaa kabisa, kina kilicho chini yako kimia cha futi nane hakikiwezi. Yakikupwa kabisa, nguzo zinabaki zimesimama topeni na chaza wamezing'ang'ania, na pale ulipotaka kuvua kaa wanatembea. Katikati ya hali hizo mbili kuna muda mfupi ambapo maji ni ya futi tano hadi nane, na muda huo ndio wa kuvulia. Kanuni ya mzee ni kwamba kina kisizidi urefu wa kimia. Kikizidi, anawasha sigara.

Muda huo huwezi kuupata kwa kubahatisha. Mzee hana jedwali la maji, ila anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya huku kwetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika hamsini. Kwa mambo hayo mawili anakokotoa mwezi mzima bila kalamu, na nilipomlinganisha na jedwali lililochapishwa hawakupishana sana.

Ukishayajua hayo, utaona kwa nini yeye hapotezi usiku wake hovyo. Bamvua ya mwezi mwandamo, maji yanaanza kutoka saa kumi jioni na yanakuwa yamekwisha kutoka saa nne usiku. Saa mbili ya usiku kina kimeshuka vya kutosha, giza limeshika, na kamba waliokuwa ndani mikokoni wanatoka na maji. Mambo matatu yanakutana mahali pamoja kwa muda wa kama saa mbili. Siku ya pili unasogea mbele, ya tatu unasogea tena, mpaka inakuwa usiku wa manane na mama watoto anaanza kuuliza maswali. Bamvua ya mwezi mpevu ina maji yale yale, ila mbalamwezi inaipunguzia taa nguvu. Maji mafu, yale ya katikati ya bamvua mbili, ndiyo yenye uvivu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, kamba hana haraka ya kwenda popote, na sisi tunalala.

Mkondo nao una saa zake. Maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Kuanza huanza taratibu, saa ya tatu na ya nne tangu kuanza kupwa ndiyo huenda kwa nguvu, kisha hupoa. Kwenye bamvua kubwa hizo saa za katikati zinaubeba wavu pembeni kabla haujagusa chini, na ukiubeba kuelekea kwenye nguzo umekwisha, maana chaza wanakata nailoni kuliko mkasi wangu. Kwa hiyo tunasimama upande ambao maji yanaondoka kutoka gatini, tunarusha juu ya mkondo kidogo, na tunauacha wavu ushuke huku ukisogea. Kadiri maji yanavyokupwa, ndivyo na gati linavyokuwa refu kutoka usawa wa maji. Hapo unapunguza nguvu za mzunguko, la sivyo kimia kinafunguka karibu na uso wako na kinapofika majini kimeanza kujirudi. Urefu wa ugwe nao uufikirie: kimo cha gati, jumlisha kina, jumlisha ziada ya kutosha usije ukaukaba wavu nusu ya safari.

Halafu kuna kuvuta, ambako ndiko vijana wengi wa pale gatini hawataki kukaa nako. Ugwe ukilegea, ngoja. Acha hata chubwi ya mwisho ilale. Kisha vuta kwa mivuto mifupi, taratibu, ili upindo ukokote topeni na chubwi zikaribiane zikiwa bado ziko chini. Kamba akiguswa na risasi huruka juu, na juu kuna wavu. Ukinyanyua kwa pupa, upindo unaondoka chini mapema na kamba wanabaki pale pale walipokuwa. Chubwi zikishakutana, hapo sasa vuta mkono kwa mkono bila kusita.

Ujuzi huu mzee hakuupata gatini. Miaka ya tisini alikuwa baharia kwenye meli ya kukokota kamba, maji ya Saadani. Meli zile, anasema, zilitangulizia wavu mnyororo uliokuwa ukilala juu ya tope, na kazi yake ilikuwa kuwashtua kamba waliojifukia waruke juu. "Mnyororo ndio uliokuwa ukivua," huniambia. "Wavu ulikuwa unaokota tu." Anasimulia pia vitoto vya samaki vilivyokuwa vikimwagwa baharini vimekufa, na hilo husimulia kwa kifupi, huku akitazama pengine. Mwaka 2007 serikali ilipozisimamisha meli hizo yeye alikuwa ameshateremka zamani. Kila ninapoongeza chubwi kwenye kimia namkumbuka mnyororo wake.

Mavazi ni jambo langu, hapo mzee hana la kunifundisha. Nguo ya kurushia kimia nimeishona mwenyewe: haina kifungo, haina zipu, haina mfuko wa nje, haina lebo inayoning'inia. Jicho moja la wavu likinasa kwenye kifungo cha shati wakati kilo tano zinaruka, ama kifungo kitakatika, ama wavu utachanika, ama utaondoka nao, na gati letu halina ukingo. Pete na saa zinabaki nyumbani. Kitanzi cha mkononi kiwe cha kuteleza, kinachoweza kuvuliwa kwa mkupuo, kwa sababu siku boti ya mashine itakapokumba ugwe hutapata nafasi ya kufungua fundo.

Jambo moja tunapishana kwa adabu. Warushaji wengi, yeye akiwamo, hushika sehemu ya upindo kwa meno ili mikono ipate nafasi ya kugawa wavu. Risasi ni sumu, na sioni sababu ya kuitia mdomoni kila usiku wa bamvua. Mimi huutundika upindo kwenye kiwiko cha kushoto. Mrusho wangu unatoka na pengo upande mmoja, na mzee huliona pengo hilo akanyamaza. Naye ana pengo kwenye meno ya mbele, ambalo huwa anasingizia miwa, nami hunyamaza.

Msimu mzuri unaletwa na mvua, tena mvua isiyonyesha mjini. Kamba hutaga nje baharini. Watoto wao, wakiwa bado wadogo mno kwa jicho, huingia na maji hadi mikokoni, hukulia humo kwenye maji yaliyochanganyika ya chumvi na ya mto, kisha hurudi baharini wakishakua. Ghuba yetu inaingiwa na Sigi, mto unaoshuka kutoka milima ya Usambara upande wa Amani, na pia Mkulumuzi. Masika ikishika milimani, maji ya ghuba yanageuka rangi ya chai ya maziwa na kamba wanasukumwa kutoka mikokoni. Wageni wakiyaona maji machafu hivyo hukunja nyavu. Sisi ndio kwanza tunazikunjua. Tena kamba weupe hawasubiri hata usiku maji yakiwa ya tope kiasi hicho. Unaweza kuwapata mchana kweupe. Wale wakubwa wenye mistari ndio watu wa giza, mchana wamejifukia.

Taa tunayotumia ni ya sola, tumeifunga kwenye mti ukainama juu ya maji. Zamani ilikuwa karabai. Macho ya kamba hung'aa rangi ya chungwa ukiyamulika kwa tochi, na utayaona zaidi pembeni, mwanga unapokutana na giza, kuliko katikati ya duara la taa. Hapo pembeni ndipo pa kurusha. Katikati wamejaa visamaki viitwavyo simu, na konyeza, na konyeza akikunasia wavuni atakuwasha mikono mpaka kesho.

Mara mojamoja, maji yakiwa hayana nguvu na mzee hana usingizi, tunatumia chambo: unga wa dagaa wa kulishia kuku, tunaukanda na udongo wa mfinyanzi, tunafanya madonge bapa ili yasivingirike, tunayaangusha mahali pamoja na kungoja. Yanafanya kazi. Ila mimi nayaona kama kumvizia mtu kwenye karamu, na mzee huniambia hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Usitie mkono wavuni kabla hujamulika. Chaa hana neno. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, na maumivu yake hayana mfano. Dawa tunayoijua ni kuloweka pahala palipochomwa kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyoweza kuvumilia bila kuungua. Bunju rudisha baharini, usimpe hata paka. Kamba mwenyewe ana msumeno kichwani, kwa hiyo usimnyofoe kwa kumvuta. Mrudishe nyuma alikotokea, atatoka bila kukata uzi wala kidole.

Kuhusu macho ya wavu, muulize ofisa uvuvi au viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo wako, kabla hujanunua, si baada. Kimia kikiwa na macho ya chandarua kitavua hata uduvi, na vyandarua havitakiwi baharini. Nimewasikia wanaolalamika kwamba mtu mmoja na kimia chake hawezi kumaliza bahari. Pengine. Ila wale vitoto wa Aprili ndio kamba wa Juni, na wakipita kwenye macho yangu huwa sihisi nimepata hasara.

Wakishaingia ndooni, joto la Tanga halikupi muda. Kichwa ndicho kinachoharibika kwanza na kukilegeza kiwiliwili, kwa hiyo tunavunja vichwa pale pale gatini kwa mwanga wa taa na kutia miili kwenye barafu. Vichwa havitupwi. Mama mkwe anavichemsha, anavitwanga, anachuja maji yake mekundu na kuyatia kwenye tui, na mchuzi huo akiuweka mbele yako na bada ya moto, ugali wa muhogo, hutauliza kamba wenyewe wamekwenda wapi. Wamekwenda sokoni, kwa mama mmoja muuza vitafunio anayewachukua kwa kipimo cha kopo na kulipa siku anayotaka yeye.

Kimia chenyewe kinaoshwa kwa maji ya bomba usiku ule ule, hata ukiwa umechoka, na kinatundikwa kivulini. Jua hula nailoni, chumvi hula fundo. Matundu nayashona mwenyewe baina ya suruali za wateja, kwa sindano ya mbao aliyonichongea mzee, na wateja wameshazoea kukuta chubwi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wapo wanaotaka kuja kujaribu. Nawaambia waje bamvua ijayo ya mwezi mwandamo, wawe gatini kabla ya saa mbili usiku, na shati lao walipitishe kwanza kibandani kwangu nilitoe vifungo.